Woody Guthrie: Waliyemdhania mlevi kumbe ni mgonjwa

Kuna maradhi yakimpata mtu, watu humhurumia siku hiyo hiyo. Akivunjika mguu au akishikwa na malaria, hakuna anayeuliza tabia zake. Kuna mengine huja yamejivika tabia mbaya. Mgonjwa hupepesuka njiani, huangusha kikombe cha chai, hukasirika bila sababu, huacha kazi, huwapigia kelele mke na watoto. Homa hana, kidonda hana. Basi mtaa humhukumu kabla daktari hajamwona: ni pombe, ni unga, karogwa, kapandwa na shetani.

Nimekuwa nikisoma maisha ya mtu mmoja aliyepitia hukumu za namna hiyo, nikaona yafaa niyalete hapa kwetu Pwani. Mtu mwenyewe ni Woody Guthrie, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1967. Wimbo wake mmoja, This Land Is Your Land, aliouandika mwaka 1940, huimbwa na watoto wa shule huko kwao hadi leo. Lakini leo nyimbo tuziweke kando. Nataka tumwangalie mgonjwa, na kabla yake tumwangalie mamake, kwa sababu kisa hiki kilianza kwa mama.

Woody alizaliwa tarehe 14 Julai 1912 katika mji mdogo wa Okemah, jimbo la Oklahoma. Babake, Charley, alikuwa mfanyabiashara wa ardhi na mtu wa siasa za mtaani. Mamake, Nora, alipenda kuimba, na nyimbo za kale alizomwimbia mwanawe ndizo zilizomtia muziki moyoni. Walikuwa watoto watano, na kwa miaka kadhaa nyumba ilikuwa na neema.

Kisha Nora akaanza kubadilika. Alikuwa mpole, akawa mtu wa hasira za ghafla. Mikono na uso vilianza kumchezacheza bila yeye kutaka. Siku nyingine alikaa kimya kama hayupo, siku nyingine akavurumisha vyombo. Mwaka 1919 binti yake mkubwa, Clara, aliungua moto nyumbani akafa, naye hata miaka 15 hajatimiza. Mwaka 1927 Charley naye akaungua vibaya. Majirani walinong'ona kwamba mkono wa Nora ulikuwemo katika mioto ile. Ukweli wa ndani aujua Mwenyezi Mungu. Ninachojua ni kwamba mwaka huo Nora alipelekwa hospitali ya wendawazimu katika mji wa Norman, na akafia huko mwaka 1930. Kule Okemah alibaki na jina la mwanamke aliyeshikwa na wazimu, kama sisi tunavyosema fulani kapelekwa Mathare, na maneno yakaishia hapo.

Hebu tusimame kidogo. Mwanamke anapoteza akili polepole akiwa na umri wa kulea, viungo vinamcheza, hana homa, na halipo jeraha la kichwa. Lilikuwepo swali moja la kumuuliza: je, kwao yuko mwingine aliyekuwa hivi? Swali hilo ndilo lingewaonya watoto wake. Lakini aibu ilitanda juu ya nyumba ile, na penye aibu watu hawaulizi. Woody alikuwa kijana wa miaka 15 hivi mamake alipochukuliwa. Aliondoka na huzuni yake.

Mwaka 1929 alimfuata babake katika mji wa Pampa, jimbo la Texas. Huko alioa mwaka 1933, mkewe akiitwa Mary Jennings, wakajaaliwa watoto watatu. Huko pia ndiko alikoliona lile vumbi kubwa la Aprili 1935, lililogeuza mchana kuwa usiku, wakati ukame ulipoharibu mashamba na familia kwa maelfu zikahama kwenda California kutafuta vibarua. Woody alihama nao. Mwaka 1937 alikuwa akiimba redioni mjini Los Angeles, akiwaimbia wakimbizi wa vumbi kuhusu maisha yao wenyewe. Mwaka 1940 alifika New York, na sauti yake ikarekodiwa kwa ajili ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Mwaka 1941 alipewa kazi ya mwezi mmoja na shirika la serikali la umeme kando ya mto Columbia, akatunga nyimbo 26 katika mwezi huo. Mwaka 1943 akachapisha kitabu cha maisha yake. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alifanya kazi katika meli za mizigo, na alizoea hatari za baharini kama mabaharia wetu.

Huyu hakuwa mtu mvivu, na nimeyataja haya makusudi. Mtu aliyeweza kutunga karibu wimbo kila siku, ukimwona baadaye hawezi kumaliza ukurasa mmoja, yafaa ujiulize kuna nini.

Lazima pia niseme ukweli. Woody hakuwa malaika. Pombe alikunywa. Alikuwa mtu wa kuondoka nyumbani bila kuaga na kurudi akipenda. Ndoa yake ya kwanza ilivunjika, akamwoa Marjorie Mazia, mcheza dansi wa jukwaani, mwaka 1945. Tabia hizo zote alikuwa nazo tangu ujana. Ndipo ulipokuja ugumu, kwa sababu maradhi yalipoingia yalikuta jina baya limeshaandikwa, yakajificha chini yake.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 mambo yaliharibika. Kwanza palikuja msiba: Februari 1947 binti yake mpenzi, Cathy, aliungua moto nyumbani akafa, akiwa na miaka 4. Mtu yeyote angetikisika, na waliomjua walidhani mabadiliko waliyoyaona ni majonzi. Lakini miaka ikapita na hali ikazidi. Aliandika barua zisizo na adabu, akafungwa jela kwa ajili yake. Alipanda jukwaani akasahau maneno ya nyimbo alizozitunga mwenyewe. Alitembea akiyumba. Maneno yalimtoka mazito, ulimi kama umevimba. Hasira zilimpanda hata Marjorie akawahofia watoto.

Waliomwona walisema amezidisha kunywa, na ukiangalia kwa macho tu, walikuwa na sababu. Mtu anayumba, anasema ovyo, na inajulikana anakunywa. Nani angefikiria jingine?

Mwaka 1952 aliingia na kutoka hospitali zaidi ya moja mjini New York. Kwanza alitibiwa kama mtu aliyeharibiwa na pombe. Wengine wakasema ni skizofrenia, yaani maradhi ya akili ya kuona na kusikia yasiyokuwepo. Hatimaye, katika hospitali ya Brooklyn State, madaktari walimkalisha wakamtazama kwa muda mrefu, wakaunganisha mchezo wa viungo vyake, akili yake, na habari za mamake. Ndipo jina likapatikana: maradhi ya Huntington. Alikuwa na miaka 40. Tangu mamake aondolewe nyumbani ilikuwa imepita miaka 25.

Nieleze kidogo maradhi haya ni nini. Ndani ya ubongo kuna seli zinazosimamia mwendo wa mwili, fikra na hisia. Katika maradhi ya Huntington seli hizo hufa polepole kwa miaka mingi. Aghalabu huanza mtu akiwa na miaka kati ya 30 na 50. Mara nyingi hasira, huzuni na usahaulifu hutangulia, viungo vikafuata kucheza na kujinyonga vyenyewe. Baadaye mtu hushindwa kutembea, kusema, hata kumeza. Si ya kuambukizana kwa kula pamoja wala kukaa pamoja. Ni ya kurithi, na hayahitaji binamu kuoana. Mzazi mmoja akiwa nayo yatosha. Kila mtoto wake ni kama shilingi iliyorushwa juu: nusu kwa nusu, na kila mtoto na shilingi yake. Ni maradhi adimu. Hata katika jamii za asili ya Ulaya, ambako yanaonekana zaidi, ni kiasi cha watu 10 katika kila 100,000, pengine pungufu ya hapo. Kwa hiyo daktari wa kawaida anaweza kufanya kazi mpaka astaafu asimwone mgonjwa hata mmoja, na huwezi kumlaumu kwa kufikiria kwanza yale anayoyaona kila siku.

Sasa sikiliza ajabu hii. Maradhi haya yalikuwa yameandikwa vizuri tangu mwaka 1872, miaka 80 kabla ya Woody kupewa jibu. Aliyeyaandika ni daktari kijana wa miaka 22, George Huntington, aliyekulia East Hampton, kwenye ncha ya mashariki ya kisiwa cha Long Island. Na Brooklyn, alikolazwa Woody, iko kwenye ncha ya magharibi ya kisiwa hicho hicho.

Alijuaje kijana yule, ambaye ndio kwanza amemaliza masomo? Hakuwa na mashine. Babake alikuwa daktari wa mji ule, na babu yake vilevile. Wagonjwa aliowaeleza, watatu wale walikuwa wamewatibu kwa vizazi: bibi, kisha binti, kisha mjukuu. Babu aliona, baba akaona, kijana akaziunganisha habari zao. Aliandika kwamba maradhi yanashika mzazi na mtoto, na kwamba mtoto akisalimika, basi na kizazi chake kimesalimika. Akaeleza pia kuwa familia zenye maradhi yale hazikupenda kuyataja, walinong'ona tu. Kilichomwezesha kupita kizuizi cha mnong'ono ni kumbukumbu za nyumba moja ya matabibu zilizokaa mahali pamoja kwa karibu miaka 80.

Nora kule Oklahoma hakuwa na daktari aliyemjua nyanyake. Woody alihama Oklahoma, Texas, California, New York, na kila hospitali aliyoingia ilimwanza upya, kama mtu asiye na ukoo.

Kupata jina la maradhi hakukumponya. Alitoroka akazunguka nchi, na mwaka 1953 mkono wake uliungua vibaya huko Florida, gitaa likawa gumu kulipiga. Yeye na Marjorie waliachana mwaka huo. Akaoa mke wa tatu, Anneke, na ndoa hiyo pia haikudumu. Mwaka 1954 alirudi mwenyewe hospitalini. Mwaka 1956 polisi wa New Jersey walimwokota akizurura, akapelekwa hospitali ya Greystone Park. Inasimuliwa kwamba huko alipojieleza kuwa ametunga nyimbo kwa mamia na kuandika kitabu, wahudumu waliliona hilo kuwa dalili nyingine ya kuchanganyikiwa, mpaka watu wake walipokuja kuthibitisha. Fikiria hali hiyo, msomaji wangu: unasema ukweli mtupu wa maisha yako, na ukweli huo unaandikwa kwenye faili kama ugonjwa.

Marjorie, ingawa talaka ilikuwa imepita, hakumwacha. Alimtembelea na watoto mwaka baada ya mwaka. Familia moja ya mji wa East Orange ilikuwa ikimchukua Jumapili kwenda kupumzika nyumbani kwao. Mwaka 1961 kijana mmoja mwimbaji, Bob Dylan, alikwenda kumwona na kumwimbia nyimbo zake mwenyewe. Sauti ilipokwisha kabisa, waliwasiliana naye kwa kadi za ndiyo na hapana. Alifariki tarehe 3 Oktoba 1967 katika hospitali ya Creedmoor, Queens, akiwa na miaka 55. Kati ya miaka hiyo, zaidi ya 13 aliimaliza hospitalini.

Shilingi ziliendelea kurushwa. Mabinti wawili aliozaa na Mary, Gwen na Sue, walipatwa na maradhi ya baba yao, na kila mmoja alifariki akiwa na miaka 41. Watoto wa Marjorie walisalimika.

Alichokifanya Marjorie baada ya mazishi ndicho kilichonifanya niandike makala haya. Angeweza kunyamaza, watoto wake wakaolewa na kuoa kwa amani. Badala yake, mwaka 1967 huo huo alianzisha kamati ya kupambana na maradhi ya Huntington, akawaita wote waliokuwa wakificha wagonjwa vyumbani wajitokeze. Mumewe alikuwa maarufu, naye akalitumia jina hilo kuondoa aibu. Baadaye aliongoza tume ya serikali ya Marekani kuhusu maradhi hayo. Mkurugenzi wake mtendaji alikuwa mwanamke kijana, Nancy Wexler, ambaye mamake pia alikuwa na maradhi hayo hayo.

Wexler alikwenda Venezuela, kando ya ziwa Maracaibo, kwenye vijiji vya wavuvi ambako maradhi haya yamejaa kuliko mahali popote duniani. Mwaka baada ya mwaka aliwauliza watu wale lile swali ambalo Okemah halikuulizwa: nani mzazi wako, na yeye alikuwaje? Yeye na wenzake walichora mti wa ukoo wenye watu zaidi ya 18,000 na kukusanya sampuli za damu kwa maelfu. Kwa damu hiyo, mwaka 1983 wanasayansi walijua kwamba kasoro iko kwenye kromosomu ya 4, na mwaka 1993 wakaipata jeni yenyewe. Marjorie alifariki mwaka huo wa 1983, miezi michache kabla ya habari ile kutangazwa.

Leo kipimo cha damu hutoa jibu. Dawa ya kuponya bado, ila ziko dawa za kutuliza mchezo wa viungo na hasira, na mgonjwa anayejulikana ana nini huishi kwa heshima zaidi kuliko anayeitwa mlevi. Wala tusidhani kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Huntington yapo Afrika, na yako maradhi mengine yanayofanana nayo sana, yanayotokana na jeni tofauti, ambayo yameonekana karibu kwa watu wenye asili ya Afrika peke yao.

Nirudi kwetu. Nimekaa kwenye baraza za kutosha Mombasa kujua mtu mzima akianza kuyumba na kusema ovyo hukumu hupita vipi. Hupita kabla kahawa haijapoa. Akipelekwa kusomewa, sina ubishi. Dua ni silaha ya Muislamu, na mimi mwenyewe nikiugua huomba nisomewe. Lakini dini hiyo hiyo imetuhimiza kutafuta dawa, na hakuna aya wala hadithi inayomzuia mtu kusomewa asubuhi na kwenda kwa daktari mchana. Kosa ni kumzungusha mgonjwa kwa waganga miaka mitano, na kila mganga akitaja jirani mwingine aliyemroga.

Na kuna lile tunalolifanya wakati wa posa. Mtu akija kuuliza habari za ukoo, tunamsifia mchana kutwa, na shangazi aliyefungiwa chumba cha nyuma hatajwi. Twaogopa binti asikose mume. Naielewa hofu hiyo, mimi pia ni mzazi. Lakini siri ile ile hufichwa na kwa daktari. Akiuliza kama kwenu yuko mwenye maradhi kama haya, jibu huwa hakuna. Basi daktari naye hubakia na alichokiona kwa dakika zake chache: mtu anayeyumba.

Kwa hivyo nawashauri haya. Chukua daftari, kaa na wazee walio hai, uandike. Babu alikufa na miaka mingapi, alianza vipi, nani alipooza, nani alishikwa na kifafa, nani alisemekana ni mwendawazimu na alikuwa akifanya nini hasa. Usiandike tu kwamba alirogwa; andika kilichoonekana kwa macho. Ukimpeleka mgonjwa wako hospitalini, enda na daftari hilo. Eleza alikuwa mtu wa namna gani kabla, na mabadiliko yalianza mwaka gani. Simu zetu zapiga picha za video kwenye kila harusi. Mrekodi mgonjwa wako akitembea na akisema, kwa ruhusa yake, daktari aone yale ambayo huenda yasitokee mbele yake. Na kama majibu hayalingani na unachokiona nyumbani, omba kwa adabu apelekwe kwa mtaalamu wa ubongo na mishipa ya fahamu. Wataalamu hao ni wachache nchini na wengi wako Nairobi. Safari ni ghali, najua, lakini wengi wetu tumeshalipa zaidi ya nauli hiyo kwa kuku weusi na ubani.

Kuhusu kipimo cha kurithi, hilo ni jambo zito. Mtu mzima ana haki ya kutaka kujua, na ana haki ya kutotaka kujua. Asilazimishwe na mume, mke wala wakwe, na asipimwe bila kukaa kwanza na mshauri.

Lakini daftari la ukoo halina uzito huo. Ni kalamu na saa moja na nyanya yako, maadamu yuko hai na bado anakumbuka. Muulize wiki hii. Wassalam.